Mshenga Mwenye Simu Huru

Mwalimu Kasian alikwenda Morogoro na simu nzima, akarudi na simu nzima, na mpaka leo watu wa Kilosa wakisimulia habari zake huanzia hapo, kwamba simu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa simu ya tachi ya kawaida, imepasuka kidogo pembeni, lakini inapiga, inapokea, inatoa picha, na inaleta habari zote za magrupu hata zile zisizotakiwa. Aliyerudi amebadilika ni mwalimu mwenyewe.

Alikuwa anafundisha kompyuta katika sekondari moja pale Kilosa, na semina ya siku mbili aliyoitiwa ilihusu programu huria. Miaka yote alizoea kulisikia neno huria likifuata neno soko. Soko huria alilijua vizuri: ndilo lililopaka nyumba za kando ya barabara rangi za kampuni za simu, kila ukuta na kampuni yake, hata nyumba ya bibi asiyewahi kumiliki simu. Lakini programu huria ilimwingia kama neno la wokovu. Mtoa mada aliwaambia kuwa simu zilizomo mifukoni mwao si zao. Wamenunua kioo na betri tu; roho ya simu ni ya wenye kampuni, ambao huchungulia, huzuia na hufuta watakavyo. Dawa ni kuitoa roho hiyo na kutia nyingine, ya Linux, iliyoandikwa na watu wa dunia nzima, ambayo mwenye simu anaweza kuifungua na kuitengeneza apendavyo. Mshiriki mmoja aliuliza kama simu ya namna hiyo itapiga simu. Mtoa mada alisema hilo ni swali zuri sana, na muda wa chai ukawa umefika.

Nyumbani, Kasian alimweleza mkewe yote hayo. Celestina alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani karibu na soko. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akipinda pindo za sare za shule, kisha akamwuliza ile risiti ya duka la simu iliandikwa jina la nani. Kasian alimwambia kuwa hajaelewa. Celestina alisema inawezekana.

Kesho yake mwalimu aliipeleka simu kwa Lupakisyo, fundi simu wa sokoni, aliyekuwa anaheshimika kwa sababu aliwahi kufufua simu iliyotumbukia chooni.

"Ina ugonjwa gani?" aliuliza Lupakisyo, akiigeuzageuza.

"Haina ugonjwa."

"Sasa mwalimu unataka kutibu nini?"

Kasian alimwaga semina nzima pale mezani. Lupakisyo alimsikiliza kwa adabu, akairudisha simu, akasema yeye kazi yake ni kufufua zilizokufa. Hajawahi kuombwa kuua iliyo hai. Basi Kasian aliifanya kazi hiyo mwenyewe, Jumamosi na Jumapili, kwa kompyuta ya shule. Jumapili jioni herufi nyeupe zilianza kushuka kwenye kioo cheusi, mamia kwa mamia, kama siafu waliotibuliwa, kisha kioo kikatulia na simu ikawaka. Machozi yalimlengalenga. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu kilicho chake kabisa.

Matatizo yalikuja moja moja, nayo kila moja alilipokea kwa hoja. Kamera ilitoa picha nyeusi tupu. Alisema kamera isiyoona haiwezi kupeleleza. Magrupu ya shule, ya kwaya na ya ukoo yalipotea yote. Alisema amepata amani. Menyu za nyota na reli, ambazo kila mtu wa Tanzania hutumia kutuma na kupokea hela, zilikataa kabisa, akawa anamtuma Celestina. Alisema hiyo inaimarisha ndoa. Betri iliisha kabla ya mchana. Ujumbe mfupi ulikuja ulipotaka, mara nyingine ukingoja wenzake kwanza ili uje nao kwa kundi. Ila shida kubwa ilikuwa sauti. Mtu akimpigia, mtu yule alimsikia Kasian vizuri, lakini Kasian hakusikia kitu mpaka afungue ukurasa mweusi, aandike amri ndefu ya kuiua ile programu ya sauti iliyokwama, kisha aiamshe upya. Kwa kuwa ndiyo iliyokuwa programu kongwe kuliko zote mle ndani, na kwa kuwa ilikwama kama mtu mkaidi, alikuwa amezoea kuiita mzee. Mzee amekwama. Mzee kaamka. Walimu wenzake walicheka, naye alicheka pamoja nao, kwa sababu aliye huru hanuni.

Jambo hili lingebaki kuwa kichekesho cha ofisi ya walimu, kama Kasian asingekuwa mshenga.

Majuma mawili kabla ya semina, Oliver, mwalimu wa baiolojia na rafiki yake, alikuwa amemtuma kupeleka posa. Oliver alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia Magole kutoka kanda ya ziwa, na binti aliyempenda, Namelok, alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Mikumi. Baba yake Namelok, mzee Saitabau, alikuwa na boma lake nje ya mji huo, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Kasian alichaguliwa kwa ajili ya ulimi wake, na ulimi wake haukumwangusha. Mzee aliipokea posa vizuri, akasema atashauriana na ndugu zake na jibu litatoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Akaweka masharti mawili. La kwanza, mpaka siku hiyo Oliver na Namelok wasipigiane simu, kwa kuwa maneno mengi huharibu maneno machache. La pili, likitokea lolote, yeye atamwambia mshenga peke yake. Akamwomba Kasian namba, akaihakiki kwa kumpigia palepale. Simu iliita vizuri. Hiyo ilikuwa simu ileile kabla ya semina, yenye roho ya kampuni.

Jumatano ya juma lile la mwisho, Kasian alikuwa kibandani kwa Lupakisyo akiazima waya wa chaji, simu ikatetemeka. Namba ya mzee Saitabau. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee," alisema, akangoja. Kimya. "Shikamoo mzee. Haloo?"

Kimya kilekile. Akajua kilichotokea, na kwa haraka akafungua ukurasa mweusi.

"Vipi?" aliuliza Lupakisyo.

"Huyu mzee amekwama tena. Hasikii. Inabidi nimuue."

"Kila siku unamuua?"

"Mara tatu, mara nne. Hana neno, ataamka mwenyewe. Asipoamka nitamfuta kabisa nitafute mwingine."

Alipomaliza kuandika amri, mpigaji alikuwa ameshakata. Kasian alijaribu kumpigia, simu ikasema haina mtandao, ingawa mnara ulikuwa unaonekana kutoka palepale kibandani. Akajipa moyo kwamba mzee alitaka kumsalimia tu. Alhamisi simu ilikuwa inapakua sasisho, na sasisho hilo likala siku nzima. Ijumaa hakukuja neno. Celestina alikwenda Kimamba kumwona shangazi yake, akamwachia mumewe kanzu ya kuvaa kesho, imepigwa pasi.

Jumamosi Kasian aliamshwa na mlango kugongwa. Alikuwa Oliver, amevaa suti, amebeba mfuko wa zawadi, na jasho lilikuwa linamtoka. Kasian alimtazama simu ikiwa mkononi. Simu ilisema saa kumi alfajiri. Nyuma ya Oliver jua lilikuwa limeshapanda juu ya milima. Kwa kitambo kidogo mwalimu alitazama simu, akatazama jua, hakujua aamini kipi.

"Basi limeondoka saa kumi na mbili," alisema Oliver. "Sasa ni saa moja. Nimekupigia mara tisa."

Kasian alimweleza, huku akitafuta viatu, kwamba sasisho la Alhamisi limejikamilisha usiku na kuirudisha simu kwenye saa za Ulaya, na kwamba ni jambo dogo, linarekebishika kwa mstari mmoja wa amri. Walipata Noah, gari dogo la abiria, iliyokuwa inasubiri abiria wajae, nayo ikajaa saa tatu kasoro. Njiani Oliver alikuwa ameukumbatia mfuko wake, vumbi likiingia dirishani. Walipofika kile kijiji kilichopo katikati ya njia ya Kilosa na Mikumi, ambacho jina lake ni Ulaya, ndipo alipofungua kinywa.

"Hapa ni Ulaya," alisema. "Itazame simu. Labda huku iko sahihi."

Walifika Mikumi saa sita na ushee. Mwoaji hakutakiwa kuonekana bomani siku ya jibu, kwa hiyo Oliver alibaki kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, malori ya Iringa yakimpita, na Kasian akapanda bodaboda peke yake. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi. Alikuwa na methali mbili na ajali moja ya kubuni.

Bomani hapakuwa na mkusanyiko wowote. Miriamu, mama yake Namelok, alikuwa amekaa nje ya nyumba akisuuza vibuyu. Kasian akamwamkia shikamoo, mama akaitika marahaba, na kabla hajaulizwa lolote mwalimu akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa saa tatu nzima.

"Hujachelewa, mwanangu," alisema Miriamu. "Ni kesho."

Kasian alikaa kwenye kigoda alichoonyeshwa. Miriamu alimweleza taratibu kwamba leo mifugo yote imepelekwa kwenye josho, ndiyo maana wazee wakaisogeza siku, na kwamba baba Namelok alimpigia mwalimu mwenyewe kumwambia, kisha akatuma na ujumbe. Alisema hayo bila lawama, lakini Kasian aliona kuwa amekisogeza kibuyu upande wa pili, mbali naye kidogo. Alipewa chai ya maziwa. Aliinywa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani ambao hakuufanya.

Mzee Saitabau alirudi alasiri, mrefu, fimbo begani, vumbi la ng'ombe miguuni. Kasian alisimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alisema mzee. "Hii ni ya pili. Ya Jumatano pia niliitika."

Hapo ndipo simu ya mwalimu, pengine kwa kuwa Mikumi mnara ulikuwa karibu, au kwa sababu zake yenyewe, ilipoamua kupokea ujumbe wote wa siku nne. Ililia, ikalia, ikalia tena. Mmoja ulikuwa tangazo la bando la wiki. Mitano ilikuwa ya Oliver, kuanzia *Uko wapi* mpaka *Basi limeondoka*. Ililia mara kumi na moja, na wote wawili walisimama wakiingoja imalize.

"Nani anakuita hivyo?" aliuliza Saitabau.

Kasian aliutazama ujumbe wa mwisho. *MWALIMU MSIJE JUMAMOSI NJOONI JUMAPILI.*

"Ni wewe, mzee."

"Mimi niko hapa."

"Ni wewe wa Jumatano."

Saitabau alikaa, akailaza fimbo mapajani. Alisema anataka kuuliza jambo, na kwamba tangu Jumatano limemnyima raha. Alikuwa amempigia mshenga, mshenga akamwamkia vizuri, naye akaitika. Kisha akamsikia akimwambia mwenzake kwamba huyu mzee hasikii na itabidi amuue. "Ukasema kila siku unamuua mara tatu, mara nne," aliendelea. "Nikajiuliza, huyu mwalimu ana wazee wangapi? Halafu ukasema asipoamka utatafuta mwingine. Mimi nina binti mmoja tu wa kuoza mwaka huu, mwalimu. Nieleze huyo mzee ni nani."

Methali zote mbili zilimtoka Kasian kichwani, na ile ajali ya kubuni pia. Hakubaki na kitu isipokuwa ukweli, akautoa wote, akianzia Morogoro. Alisimulia semina, roho ya simu, kioo cheusi, kamera, betri, programu ya sauti na jina aliloipa, sasisho na saa za Ulaya. Alipokuwa anasimulia alijisikia kwa masikio yake mwenyewe, na hilo hakuwa amelifanya hata mara moja tangu arudi kutoka semina. Ofisini kila kituko kilikuwa na hoja yake. Hapa, mbele ya mtu aliyekaa na fimbo mapajani, hoja zilitoka moja baada ya nyingine zikaanguka chini, na hakuna aliyeziokota.

Saitabau hakucheka. Alitaka kujua sawasawa.

"Ng'ombe wangu wana alama yangu," alisema. "Hakuna wa kuniambia si wangu. Mtu akiniuzia ng'ombe, halafu kila siku anakuja kumkamua kwa siri, nitamfukuza. Hapo nimekuelewa."

Kasian aliinua kichwa. Kilosa nzima hapakuwa na mtu aliyemwelewa namna hiyo, hata mkewe. Alianza kusema kwamba ndivyo hasa, hivyo hasa ndivyo mtoa mada alivyosema, lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Ila wewe umemfukuza mwizi, na maziwa yakaondoka naye. Sasa una ng'ombe wako kweli. Unamlisha, unamwogesha, unamwamsha. Anakupa nini?"

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu. "Tunaambiwa mwakani atakamuliwa," alisema.

Kwa mara ya kwanza mzee alitabasamu, akamwambia arudi kesho saa nne, za hapa.

Usiku ule katika nyumba ya wageni ya Mikumi Oliver alimwuliza mzee kasemaje, na Kasian alisema jibu ni kesho. Habari za kumuua mzee hakuzigusa. Alilala vibaya, si kwa kuogopa jibu, bali kwa lile swali la maziwa.

Jumapili wazee sita walikuwapo. Walizungumza kwa Kimaa, lugha yao ya Kimasai, kwa muda mrefu, na Kasian, aliyekaa pembeni bila kuelewa kitu, alisikia neno Linux likitajwa mara mbili, mara zote mbili likifuatiwa na kicheko kirefu. Mwishowe Saitabau aligeukia Kiswahili. Alisema kijana Oliver wamemkubali. Familia yake wameiulizia, ni watu wa mifugo, watu wa kazi. Kuhusu mshenga, ndugu zake wawili walitaka abadilishwe, lakini yeye amekataa, kwa sababu mtu aliyekaa mbele yake akaeleza aibu yake yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kumsingizia mtu wala barabara, huyo hawezi kumficha jambo.

"Lakini neno haliwezi kupita kwako," alisema. "Mke wako ana simu?"

"Anayo. Kitochi, kisimu cha vitufe."

"Inasikia?"

"Inasikia sana, mzee."

"Nipe namba yake. Wewe utabaki mshenga, yeye atakuwa masikio."

Simu ya Kasian ilikuwa imeshazima tangu saa tatu, na namba ya mkewe hakuijua kwa kichwa. Wazee sita walimngoja. Akafumba macho, akajipeleka kwa mawazo mpaka barazani karibu na soko, akakiona kibao cha mkewe kilichoandikwa FUNDI CHEREHANI kwa rangi nyekundu, na chini yake namba, akaanza kuisoma tarakimu moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

Celestina hakuulizwa kama anataka, naye hakuuliza kwa nini. Jumatatu asubuhi mzee Saitabau alimpigia, wakaamkiana, wakaulizana hali ya mvua, na kabla hajamaliza kushona mkono wa gauni mambo matatu yalikuwa yameshapangwa. Baada ya juma moja Miriamu naye akawa anapiga. Baada ya mwezi, Celestina alijua ng'ombe yupi bomani ana mimba na shangazi yupi asikae karibu na yupi siku ya sherehe. Neno likifika, alifunga cherehani, akapanda mpaka shuleni, akamwita mumewe mlangoni mwa darasa na kumweleza alichosema mzee. Kasian alivaa koti, akaenda kwa Oliver, akalitamka kwa methali. Hivyo ndivyo ushenga ulivyokwenda, na watu wakausifu sana ulimi wa mwalimu.

Ndoa ilifungwa Septemba, Mikumi. Upande wa akina Namelok walimpa Celestina kiti cha mbele, na kitenge, na maneno ya shukrani yaliyochukua robo saa. Kasian alikaa nyuma yake safu moja. Alipiga makofi kama wengine, na kuna wakati alijikuta akimwonea mkewe wivu, kisha akajiona mpumbavu, kisha wivu ukarudi. Alitoa simu ili angalau apate picha. Ikatoka nyeusi. Aliihifadhi hivyohivyo.

Kilichomshinda hatimaye si simu, ni miguu ya Celestina. Harusi ilikwisha lakini watu wa Mikumi hawakuacha kumpigia, na walimu nao, na ukoo mzima, kila mwenye shida na Kasian alimpigia fundi cherehani. Siku moja ya mvua alipanda shuleni mara nne. Mara ya tano hakupanda. Jioni alimwekea mumewe mezani kitochi kipya cha vitufe, laini ikiwa imeshatiwa ndani, akasema simu yake ya uhuru abaki nayo, hakuna anayemnyang'anya, lakini yeye si mnara.

Kasian alikitazama kitu kile kidogo bila kukigusa. Alijua kina roho ya nani. Walikula wali. Alipokuwa ananawa mikono, kitochi kikaita kwa mlio wa juu kabisa, akakidaka haraka kabla hakijanyamaza.

Ilikuwa sauti nyororo ya msichana wa kampuni, iliyorekodiwa. Ilimpongeza kwa kuchaguliwa miongoni mwa wateja wachache, ikamweleza habari ya nyimbo za miito, ikamwambia abonyeze moja. Ilikuwa inasikika vizuri kabisa, kila neno. Celestina alimwuliza ni nani. Mwalimu Kasian alimpungia mkono anyamaze kidogo, akakaa kitini, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akabonyeza moja.